Daftari la madeni liko upande gani? Kisa cha darasa la uhasibu la wasio wahasibu

Katika rundo la karatasi za jaribio la wiki ya tano, kuna moja niliyoishika kwa muda mrefu kuliko zote. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida: mfanyabiashara ana taslimu kiasi fulani, ana bidhaa dukani, amekopa benki, na baadhi ya wateja wake bado hawajamlipa. Panga mali zake upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, kisha uhakikishe pande zote mbili zinalingana. Binti aliyejibu alipiga mistari kwa rula, akaandika kwa mwandiko safi, akajumlisha bila kukosea hata shilingi. Pande zake hazikulingana. Wateja wasiolipa aliwaweka kwenye madeni, pamoja na mkopo wa benki. Mtaji aliuweka kwenye mali, pamoja na taslimu. Chini kabisa aliandika kwa penseli, akafuta, lakini maneno yalikuwa bado yanasomeka: "Mwalimu nimerudia mara nne."

Nafundisha misingi ya uhasibu katika chuo kimoja cha biashara jijini Dar es Salaam. Darasa hili si la wahasibu. Ni mwaka wa kwanza wa masoko, ununuzi na ugavi, na rasilimali watu, wote ndani ya ukumbi mmoja, zaidi ya watu mia moja. Wengi wao hawatakuwa wahasibu wala hawana haja hiyo, na muhula huu mmoja ndio pekee watakaokaa na somo hili maishani. Kwa hiyo kila wiki ninayoipoteza hairudi.

Niliporudi kwenye rundo na kuanza kulisoma upya, safari hii bila kuangalia alama, nikaona kwamba yule binti hakuwa peke yake. Makosa yalikuwa yale yale mawili, karatasi baada ya karatasi: wadaiwa kwenye madeni, mtaji kwenye mali. Watu wanaobahatisha hukosea kila mmoja kivyake. Hawa walikosea kwa pamoja, na hapo ndipo nilipojua kuna kitu wanachokijua wote ambacho mimi sikukizingatia.

Nilimwita ofisini.

"Hawa wateja hawajamlipa mwenye duka. Kwa nini umewaweka kwenye madeni?"

"Kwa sababu ni madeni, Mwalimu."

"Madeni ya nani?"

Akanitazama kidogo, kama mtu anayeulizwa jina lake na mama yake mzazi. "Si ya dukani? Mama ana daftari la madeni. Wote wameandikwa humo."

Mama yake anauza mchele Tandale. Daftari lenyewe nililiona baadaye: la kurasa 96, limetobolewa pembeni na kupitishwa kamba, kalamu imefungwa kwenye kamba hiyo hiyo ili isipotee. Juu ya jalada pameandikwa kwa herufi kubwa MADENI. Ndani hakuna hata shilingi moja ambayo mama huyo anadaiwa. Ni majina ya mama lishe na kilo walizochukua, na mstari umepigwa juu ya kila aliyelipa.

Basi binti alikuwa sahihi kwa Kiswahili chake na cha mama yake. Sisi neno deni tunalitumia kwa pande zote mbili. "Nina deni" maana yake nadaiwa, lakini "nimekwenda kufuata deni langu" maana yake nadai. Daftari la madeni la dukani ni orodha ya mali: ni fedha ya mwenye duka iliyo mifukoni mwa watu wengine. Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni wiki tano nikisema "madeni upande wa kulia", na wao wakafanya hivyo hivyo nilivyosema.

Mtaji nao ni vilevile. Mitaani mtaji ni kitu unachoweza kukishika. Mtu husema mtaji wake umekata, au mtaji umelala kwenye bidhaa zisizotoka, au anatafuta mtaji wa laki tatu aanze genge. Katika matumizi haya yote mtaji ni fedha au bidhaa, yaani mali. Vitabu vya uhasibu vinamtaka mwanafunzi auone mtaji kama haki ya mwenye biashara juu ya mali hizo, kitu kisichoshikika, na kisha auandike upande ule ule unaokaa mikopo. Kwa kijana wa miaka ishirini aliyekulia Mbagala au Kahama, jambo hilo halina mantiki yoyote mpaka mtu alieleze, na mimi sikulieleza. Nililitangaza tu.

Halafu kuna krediti, jina la upande wa kulia wa hesabu, kama debiti lilivyo la upande wa kushoto. Kila mwanafunzi mwenye akaunti amewahi kupata ujumbe wa benki unaomwambia kwamba akaunti yake imekreditiwa, naye akafurahi, kwa sababu maana yake fedha imeingia. Anakuja darasani, mwalimu anamwambia taslimu ikiingia unaandika debiti. Anamwamini nani? Wanafunzi wengi wanachukua mwaka mzima wakiamini kwamba uhasibu umepinduliwa makusudi ili wafeli. Jibu ni fupi na halipo kwenye vitabu vingi vya mwanzo: benki inakuandikia kutoka kwenye vitabu vyake yenyewe, na fedha uliyoiweka kwao ni deni lao kwako. Deni lao limeongezeka, na ongezeko la deni ni krediti. Wewe nyumbani ungeandika kinyume. Nilipolisema hili darasani, wiki ya sita, kuna watu walitoa simu wakaanza kusoma tena ujumbe wa zamani, na sikuwazuia.

Nieleze nilivyokuwa nikifundisha, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo wengi wetu tunavyofundisha. Wiki ya kwanza, maana ya uhasibu. Wiki ya pili, kanuni za dhahabu: debiti kinachoingia, krediti kinachotoka, debiti mpokeaji, krediti mtoaji, debiti gharama na hasara, krediti mapato na faida. Wanafunzi wanazikariri kama shairi. Kisha majarida ya kuandika miamala kwa debiti na krediti, leja ya kuipanga kwa akaunti, urari wa kuhakikisha pande zinalingana, na mwishoni kabisa, kama muda upo, taarifa ya faida na hasara na mizania, yaani ile ya mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili. Mtu anafika kwenye kitu chenye maana kwake wiki ya kumi, akiwa amechoka.

Inashangaza kwamba mtu wa kwanza kuchapisha mfumo huu kitabuni hakuanza hivyo. Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hisabati, alichapisha kazi yake Venice mwaka 1494, na sehemu yake ya vitabu vya hesabu ilieleza desturi ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa nayo tayari. Alimtaka mfanyabiashara aanze kwa kuhesabu na kuorodhesha kila alicho nacho. Baada ya hapo kuna daftari la kumbukumbu, ambamo kila muamala unaandikwa kwa lugha ya kawaida siku ile ile, na ndipo linafuata jarida, kisha leja. Kumbe daftari la mama wa Tandale lina nafasi ya heshima katika mfumo huo. Sisi tumeliruka na kuanzia jaridani, kisha tunashangaa watoto hawatuelewi.

Saa moja ya wakala

Nje ya geti la chuo kuna dada anayeendesha kibanda cha wakala wa fedha za simu. Huduma hizi zilianza Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka 2008, kwa hiyo wanafunzi wangu hawakumbuki dunia isiyo nazo. Nilimwomba aje darasani kwa saa moja. Kibanda alimwachia mdogo wake, na saa yake nilimlipa, kwa sababu saa ya mchana kwa wakala ni riziki. Akaja na simu zake mbili na daftari.

Nilimwomba asieleze uhasibu wowote, aseme tu anavyofunga siku.

"Asubuhi nafungua na milioni moja na nusu," akasema. "Keshi laki sita, floti laki tisa."

Nikachora safu mbili ubaoni, keshi, yaani noti zilizo mkononi, na floti, yaani fedha iliyo kwenye simu. Mteja wa kwanza anaweka 200,000. Kabla sijauliza, darasa zima likajibu: keshi imepanda hadi 800,000, floti imeshuka hadi 700,000. Mteja wa pili anatoa 350,000. Keshi 450,000, floti 1,050,000. Nikamuuliza, kwa wateja hao wawili amepata nini.

"Sijapata wala sijapoteza. Pesa imehama tu."

Nimesoma vitabu vingi vinavyojaribu kueleza kwa nini kila muamala una pande mbili, na sentensi hiyo inavizidi vyote. Jumla bado ni 1,500,000. Jioni anahesabu keshi, anatazama floti, anajumlisha. "Ikipungua hata elfu tano, najua nimepata shoti. Sitoki hapo mpaka niione imekwenda wapi." Hiyo ndiyo kazi ya urari, na sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: na ukituma kwenye namba siyo?

Dada akacheka. "Hapo hesabu inafunga vizuri kabisa, halafu mteja anakuja kunipigia kelele."

Hilo sikulipanga. Kwa miaka nimefundisha makosa yasiyogunduliwa na urari kama orodha ya kukariri yenye majina mazito, na hapa lilitokea lenyewe: keshi imeongezeka sawasawa, floti imepungua sawasawa, jumla iko palepale, na fedha imekwenda kwa mtu asiyehusika. Pande kulingana hakumaanishi hesabu ni sahihi. Darasa lililielewa kwa dakika mbili, tena likiwa linacheka.

Kisha tukaja kwenye kamisheni. Siku ile alikadiria ameingiza 9,000. Nikamuuliza iko wapi, akasema bado, analipwa mwisho wa mwezi. Kazi umeshaifanya? Nimeshaimaliza. Sasa je, ni mapato ya leo au ya siku utakayolipwa? Hapa darasa liligawanyika, wakabishana kweli kweli, na niliwaacha wabishane kwa sababu ubishi huo ndio msingi wa karibu nusu ya somo. Waliosema ni ya leo walishinda kwa hoja ya binti mmoja wa rasilimali watu: mfanyakazi aliyefanya kazi mwezi mzima anadai mshahara wake hata kama mwajiri hajalipa.

Swali la mwisho kwa dada lilikuwa hili: hiyo 1,500,000 ni ya nani?

"Ya bosi. Mimi namfanyia tu."

Hapo ndipo nilipopata njia ya kurudi kwenye karatasi zilizofeli. Nikaandika maswali mawili ubaoni, nayo hayakufutwa hadi muhula ulipokwisha: Pesa iko wapi? Ni ya nani? Mali ni jibu la swali la kwanza. Madeni na mtaji ni jibu la swali la pili. Shilingi ni zile zile, zimeulizwa mara mbili, na ndiyo sababu pande mbili lazima zilingane. Ikiwa bosi alitoa 1,000,000 mfukoni mwake na 500,000 akakopa kwenye kikoba, basi swali la kwanza lina majibu mawili, keshi na floti, na swali la pili lina majibu mawili, kikoba na bosi. Yule binti wa Tandale, aliyekuwa kimya muda wote, akasema bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo daftari la mama linajibu pesa iko wapi." Iko kwa mama lishe. Ni ya nani? Ya mama. Upande wa mali.

Debiti na krediti nilizileta wiki iliyofuata kama majina tu ya kushoto na kulia. Niliwaambia krediti linatokana na neno la Kilatini la kuamini, na sisi tunalo la kwetu lenye asili inayofanana: mali kauli. Unachukua mzigo kwa neno lako. Anayekuamini anakuandika.

Mchele wa mwezi mmoja

Kwa ruhusa ya mama na binti, tulichukua mwezi mmoja wa biashara ya Tandale na kuufanya zoezi. Nilisawazisha namba kidogo ili zihesabike bila kikokotoo, lakini umbo lake ni la kweli.

Mama alianza mwezi akiwa na taslimu 2,500,000, bila mchele na bila kumdai mtu. Akanunua kilo 1,000 kwa 2,200 kila moja, jumla 2,200,000, akalipa papo hapo. Akauza kilo 900 kwa 2,700. Katika hizo, kilo 700 ziliuzwa taslimu, 1,890,000, na kilo 200 walichukua mama lishe kwa mali kauli, 540,000. Pango la kibanda, ushuru, usafi na vibarua wa kushusha magunia vilifika 170,000. Akatoa 150,000 akamlipia ada mdogo wake binti. Mwisho wa mwezi akahesabu droo: 1,870,000. Kwa maneno yake mwenyewe, biashara ilikuwa inakula mtaji, na alishaanza kuulizia kibanda cha nguo.

Niliwauliza darasa: anakula mtaji au hali? Karibu wote walisema anakula. Droo ilikuwa na 2,500,000, sasa ina 1,870,000, imepungua 630,000, ushahidi gani tena unatakiwa.

Tukakaa na faida kwanza. Mauzo ya kilo 900 ni 2,430,000, yaliyolipwa na yasiyolipwa, maana ubishi wa kamisheni ulishaamua hilo. Gharama ya mchele uliouzwa ni kilo 900 kwa 2,200, yaani 1,980,000, kwa sababu kilo 100 bado ziko kwenye gunia na hazijagharimu mauzo yoyote. Faida ghafi 450,000. Toa 170,000 za uendeshaji, inabaki 280,000. Ada ya shule haimo, kwa kuwa mchele hausomi. Hiyo ni fedha ambayo mama ameichukua kama mwenye mali.

Ukumbi ulinyamaza. Amepata faida ya 280,000 na droo imepungua 630,000, na namba zote mbili ni za kweli. Nikawarudisha ubaoni. Pesa iko wapi? Taslimu 1,870,000. Mchele kwenye gunia 220,000. Kwa mama lishe 540,000. Jumla 2,630,000. Ni ya nani? Yote ya mama: 2,500,000 alizoanza nazo, jumlisha faida 280,000, toa ada 150,000, unapata 2,630,000. Mtaji wake haukuliwa. Umekua kwa 130,000 baada ya kumlipia mtoto shule, ila umehama kutoka kwenye droo kwenda kwenye gunia na daftari lenye kamba.

Laiti muhula mzima ungekuwa saa hiyo moja, ningeridhika. Mtu wa ununuzi na ugavi anayeelewa kwamba mchele ulio ghalani ni fedha iliyolala atanunua tofauti. Mtu wa masoko naye anahitaji zaidi ya hapo, na hili lilijitokeza pale pale. Kijana mmoja wa masoko, mchangamfu, alisema dawa ni kuuza zaidi kwa mali kauli, kwa kuwa mauzo yanahesabiwa hata yasipolipwa na faida itapanda. Kwa mahesabu tuliyofanya alikuwa sahihi. Nilimwomba binti atuambie kuhusu wale mama lishe. Akasema wengine ni wa kuaminika, wamekula na mama yake miaka, lakini mmoja amehama na simu haipatikani. Nikauliza: katika 540,000, zikipotea ngapi ndipo faida yote inakwisha? 280,000, zaidi kidogo ya nusu. Yule kijana akakaa kimya akiwa anaandika. Kuna maofisa mauzo wengi wanaofikisha lengo la mwezi kwa kumwaga mzigo kwa watu wasiolipa, na anayekuja kulia baadaye ni mtu wa fedha. Ningependa wasikie kilio hicho wakiwa bado darasani.

Nilichokikosa

Njia hii ilinigharimu. Saa ya wakala na wiki ya mchele zilikula nafasi ya uchakavu, ambao niliufundisha kwa haraka katika kipindi kimoja cha jioni. Nilitumia bodaboda: imenunuliwa 3,000,000, itatumika miaka 4, itauzwa 600,000, kwa hiyo kila mwezi inapoteza 50,000. Mkono ukanyooshwa: hiyo elfu hamsini inawekwa wapi? Ni swali zuri kupita kiasi, kwa sababu haiwekwi popote. Fedha ilishatoka siku ya kununua, na tunachofanya ni kuigawa gharama kwa miezi inayofaidika. Nililijibu kwa sentensi mbili na kuendelea. Kwenye mtihani wa mwisho wengi waliandika kwamba kampuni ina fungu la uchakavu benki. Kosa hilo ni langu, na neno uchakavu linalichochea, kwa kuwa mwanafunzi anatazama pikipiki inayong'aa na kuambiwa imechakaa.

Waliosoma utunzaji wa vitabu vya hesabu sekondari nao walinilalamikia, tena kwa adabu. Walikuja na stadi ya majarida na leja, wakaona wiki mbili zinapita kwa mambo ya vibanda. Baadaye niliwapa kazi ya kuandika jarida kamili la mwezi wa Tandale na kuwasahihisha wenzao, na wawili kati yao waligundua kwamba walikuwa wakipata majibu sahihi bila kujua mtaji ni nini. Ningewapa kazi hiyo tangu wiki ya kwanza.

Mwenzangu mmoja wa idara, mhasibu mzuri, alikwenda mbali zaidi. Alisema kama hawa si wahasibu, basi tuache kabisa debiti na krediti, tuwafundishe kusoma taarifa za fedha tu. Mjadala huu si mgeni duniani. Marekani iliundwa tume ya kubadili elimu ya uhasibu mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoa msimamo kwamba somo la kwanza liwafae pia wale watakaotumia taarifa, si watayarishaji peke yao. Nakubaliana na hilo, na sikubaliani na mwenzangu. Dada wa wakala hawezi kuiona shoti yake kwa kusoma jumla. Anaiona kwa sababu anajua kila mteja ameacha alama sehemu mbili. Ukimnyima mwanafunzi pande mbili, umemnyima namna ya kuuliza fedha imekwenda wapi, na huko kazini atabaki kuamini karatasi yoyote atakayopewa. Ninachopinga ni kuzitanguliza kanuni kabla ya kitu chenyewe.

Kwa jaribio la pili nilirudisha swali lile lile la wiki ya tano, nikabadilisha namba. Karatasi zilizomweka mdaiwa kwenye madeni zilikuwa chache, na katika kadhaa ya hizo mwanafunzi alikuwa ameanza hivyo, akakata, akahamishia kushoto. Alama hizo za kukata zilinipa faraja kuliko majibu yaliyonyooka. Nimebadilisha pia maneno yangu. Sisemi tena madeni peke yake; nasema tunaowadai na wanaotudai, mpaka wazoee. Mtaji nausema kwa kirefu: haki ya mwenye biashara.

Binti wa Tandale alirudi ofisini wiki ya mwisho. Alikuja na daftari jipya la mama yake, kurasa 96 vilevile, kamba vilevile. Kwenye jalada sasa pameandikwa TUNAOWADAI. Ndani amepiga safu ya tarehe ya ahadi, na kurasa za nyuma amezitenga kwa wale ambao mama yake ndiye anadaiwa nao. Kibanda cha nguo kimesahaulika kwa sasa.

"Mama anakusalimu, Mwalimu. Ana swali."

"Marahaba. Aulize."

"Anauliza, ile laki mbili na themanini, mshahara wake yeye uko mstari gani?"

Hauko. Katika hesabu za mtu mmoja mwenye biashara yake, anachochukua mwenyewe ni matumizi binafsi kutoka kwenye mtaji, na kazi yake haina mstari. Vibarua wanaoshusha magunia wameandikwa. Yeye anayefungua saa 11 alfajiri hakuandikwa. Alifanya kazi siku 28 mwezi ule, kwa hiyo 280,000 ni 10,000 kwa siku, na ndani ya 10,000 hiyo kuna malipo ya mikono yake na malipo ya 2,500,000 alizoziweka, vimechanganyika, na mizania yangu nzuri iliyolingana haiwezi kuvitenganisha. Nilimweleza binti hivyo. Akaandika kila neno, akasema atampelekea, lakini anajua mama hataridhika.

Muhula huu mpya swali hilo nimelihamishia wiki ya tatu. Nililiandika ubaoni Jumatatu iliyopita kama mama alivyolituma, bila kulipamba, na mikono ya kwanza kunyooka ilikuwa ya safu za rasilimali watu.